Akina Fournier wa Erdington

Sikwenda Uingereza kutalii. Naliweka wazi hilo mapema, kwa sababu tangu nirudi kila anayeingia dukani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, kununua kitenge ananiuliza kama nilimwona mfalme. Sikumwona, na wala sikumtafuta. Nilikwenda kwa sababu mtoto wa kaka yangu alitaka kuoa msichana mwenye jina la ukoo kama letu, na ukoo ukanituma mimi, shangazi yake, nikachunguze kama si dada yake.

Sisi ni akina Fournier. Jina la Kifaransa, watu wa Kigoma. Hapa nyumbani hutamkwa Furunie na hakuna anayeshangaa, maana babu yetu alikuwa na tanuri la mikate pale Kibirizi na wazee wa mjini bado wanaitaja mikate yake. Babu alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, huko Kongo. Ujanani alioka mikate kwenye misheni, yeye na mdogo wake, na padri mmoja akawapachika wote wawili jina hilo. Baadaye babu akavuka kuja Kigoma, mdogo wake akabaki. Habari zake zikakatika. Huyo mdogo wa babu aliyebaki ndiye aliyeninyima usingizi mwaka huu mzima.

Maana Deo alipopiga simu kutoka Birmingham kusema amempata mchumba, tulipiga vigelegele. Akasema ni binti wa Kikongo, familia yao ilifika kule kama wakimbizi, wanasali, wana adabu. Vigelegele vikaongezeka. Kaka yangu Anselm, ambaye ndiye baba yake, akauliza binti anaitwa nani. "Nadine Fournier," akasema Deo. Vigelegele vikafia midomoni.

Kikao kikaitwa. Kaka Anselm ni mtu mpole, mwenye heshima mpaka inachosha, lakini siku hiyo alisema: "Akioa dada yake, nikifa asije kunizika." Deo naye kwa simu akajibu kwamba wakimkatalia ataoa huko huko, na Kigoma hatakanyaga tena. Nawajua wote wawili. Hakuna aliyekuwa anatania. Na huyo Deo nimemlea mimi, mama yake alifariki akiwa bado ananyonya, nikamfunga mgongoni huku napima vitenge. Basi kumpoteza yeye au kumpoteza kaka yangu, chagua. Ndiyo safari yangu hiyo.

Kwa nini nisiulize kwa simu? Wengi wameniuliza. Jamani, undugu hauulizwi kwa simu. Unakwenda, unakaa, unakula chakula chao, unawatazama, halafu ndiyo unauliza. Na kwetu hiyo ni kazi ya shangazi. Deo akashughulikia tiketi, viza ikatoka, nikakosa kisingizio.

Jumatatu asubuhi, uwanja wa ndege wa Kigoma, Kaka Anselm alinisindikiza akiwa amebeba begi langu lenye migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, ya zawadi. Hakunitakia safari njema. Alisema tu, "Vero, usije na jibu la kutufurahisha. Njoo na la kweli." Nikapanda ndege ile ndogo ya kwenda Dar. Kutoka Dar nikapanda kubwa, kisha nyingine kubwa zaidi, na kote huko nilikuwa nakula bila kujua nakula nini. Jirani yangu kwenye kiti, mama mmoja wa Kihindi, alinigusa bega akaniuliza kwa Kiingereza kama naogopa ndege. Nikamwambia ndege siogopi, naogopa harusi. Akacheka, akanipa pipi.

Birmingham, uwanja wa ndege. Afisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kumtembelea nani. Nikasema familia. Nikajisikia mwongo pale pale, maana kama hao watu ni familia au si familia ndicho nilichofuata. Nikahofia ataniuliza ninaficha nini. Akagonga muhuri, akasema kitu cha adabu, nikapita.

Deo alikuwa nje ananingoja. Amekonda! Nilimkumbatia, nikamkagua usoni, nikaona macho ya mtu asiyelala. "Shangazi, relax," akaniambia, "kila kitu kitakuwa sawa." Nikamjibu asiniambie ni-relax wakati yeye mwenyewe anatafuna kucha. Akaificha mikono mfukoni.

Newtown, anakoishi Deo, ni mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji, magorofa ya halmashauri yamesimama na mvua nyepesi inayanyeshea bila kusema inaanza lini wala inaisha lini. Chumba chake kiko juu, lifti inanukia sabuni. Aliniandalia chai ya tangawizi, kisha akafungua kompyuta. Nilijua kuna kitu amekiandaa, kwa sababu alikohoa kwanza kama padri kabla ya mahubiri.

"Shangazi, nimesoma kuhusu jina letu. Sikiliza vizuri. Fournier linatokana na neno la kale la Kifaransa la tanuri. Zamani kila kijiji kule Ufaransa kilikuwa na tanuri moja la wote. Mara nyingi lilikuwa mali ya bwana mwenye ardhi. Watu wanakanda unga nyumbani, wanabeba, wanakwenda kuuoka pale, na wanaacha sehemu ya mkate kama malipo. Yule anayelitunza tanuri, anayelisha kuni, anayejua moto umefika au bado, ndiye fournier. Watu walipoanza kurithishana majina, watoto wake wakabaki nalo hata kama wanashona viatu."

"Vizuri," nikasema. "Endelea."

"Sasa fikiria. Vijiji vingi, matanuri mengi, akina Fournier wengi, na hakuna anayemjua mwenzake! Kusini wanaliandika tofauti kidogo, lakini ndilo hilo hilo. Mpaka leo ni moja ya majina yaliyoenea sana Ufaransa, na hata Kanada, upande wanaozungumza Kifaransa, limejaa tele. Kwa hiyo mtu akiitwa Fournier haina maana ni ndugu yako. Ni kama kuitwa Mhunzi au Mvuvi."

Nisiwafiche, nilifurahi. Nilimwona Deo mwerevu wa ukoo mzima, nikampigia kaka yangu papo hapo, nikamweleza yote, tanuri la bwana, unga, kuni, Kanada. Kaka Anselm alinisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyo, hakatishi mtu maneno. Kisha akasema taratibu: "Hao Wafaransa walikuwa na matanuri mengi. Sawa. Sisi ziwani kwetu tanuri lilikuwa moja, Vero, na waliolitunza walikuwa wawili, tumbo moja." Akaniaga kwa heshima zote. Nikabaki na simu mkononi, chai imepoa. Alikuwa amesema kweli. Jina likiwa la kawaida Ufaransa, kwa upande wetu ndiyo kwanza linakuwa la watu wachache.

Jumatano, Erdington. Tulipanda treni pale katikati ya mji, vituo vichache tu, tukashuka tukapanda kilima hadi barabara ya maduka. Kuna duka pale lina sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, mihogo, na samaki wakavu ambao ningewauza kwa aibu. Nyumba ya akina Fournier iko barabara ya nyuma, mlango mwekundu. Kabla Deo hajabonyeza kengele nilimshika mkono nikamwambia tusubiri kidogo.

Mlango ukafunguliwa na baba wa Nadine mwenyewe, wanamwita Papa Fournier. Yesu na Maria! Kichwa cha kaka yangu Anselm. Paji lile lile, pana, linang'aa. "Karibu, mama, karibu kabisa," akasema, "ingia, baridi itakuumiza." Na sauti nayo nikaisikia kama ya kwetu. Nikaingia.

Nadine akaja kunisalimia, akapiga goti kidogo, msichana mwembamba mwenye macho ya kucheka, anafanya kazi ya uuguzi. Kiswahili anakisikia chote lakini akijibu anakimbilia Kiingereza. "Shikamoo, shangazi. I'm so nervous, pole." Nikamwambia marahaba, na kwamba tuko wawili. Nilimpenda hapo hapo, ndilo lililoniogopesha zaidi. Ningepata ahueni kama angekuwa na kiburi.

Tukala. Bugali, ndio ugali wao, sombe, na migebuka yangu, ambayo wao wanaiita mikeke. Sikuonja ladha. Nilikuwa nawachunguza kama askari wa doria. Papa Fournier alimega tonge akalibonyeza kwa kidole gumba, kaka yangu hufanya hivyo. Alicheka akafunika mdomo, marehemu baba alifanya hivyo. Mdogo wake Nadine, binti mdogo wa shule, alikuwa na masikio ya shangazi yangu mkubwa. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajiambia. Sasa hivi nikiwasimulia naona ujinga wangu, maana kumega tonge nani hamegi? Lakini mtu mwenye hofu huona anachokiogopa kila mahali.

Baada ya kula nikauliza. "Papa Fournier, samahani kwa swali la kizee. Hili jina, kwenu lilitoka wapi?"

Akaweka glasi chini, akajibu kwa Kiswahili cha Kongo, chenye "njo" badala ya "ndiye" yetu. "Bon. Mimi njo wa kwanza kuwa nalo. Baba yangu alikuwa na jina ingine. Mama alinipa hili, anasemaka ni jina ya mutu mumoja muzuri. Zaidi ya pale sijue. Kila nikiuliza, anasema nitakuambia siku ingine."

"Na kwenu ni wapi hasa?"

"Baraka, mama. Kule Fizi."

Fizi! Deo alinitazama, mimi nikatazama sahani. Jina alipewa na mama yake, jina la mwanamume mwema, na mwanamume huyo ni wa Fizi alikobaki mdogo wa babu. Akili yangu ikakimbilia pabaya, na nyinyi mnajua ilikokimbilia. Mwanamke hampi mtoto jina la mwanamume bila sababu, na sababu nyingine hazisemwi mbele ya mume. Kama ni hivyo, basi huyu mwenye paji la Anselm ni damu yetu, na Deo amempenda binti wa ukoo wake mwenyewe. Nikaomba maji.

"Mama yako yu hai?" nikauliza.

"Yuko! Yuko Northfield kwa dada yangu. Ule njo anajua kila kitu."

Tukatoka, tukafika kituoni. Hapo akaniambia, "Shangazi, nikiambiwa ni dada yangu, nitafanyaje? Siwezi kumwona kama dada." Nikamwambia asitangulize msiba. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshautanguliza, nimeshaupikia na chai.

Ijumaa, Northfield. Ni treni ile ile, ila unavuka mji mzima kwenda upande wa pili, kusini. Nilikwenda na Papa Fournier peke yake. Deo nilimkataza, maana kama kuna aibu ya kusikilizwa, afadhali isikilizwe na watu wazima. Njiani tulizungumzia bei ya viazi. Yeye naye alikuwa anahema juu juu. Mtu mzima wa makamo yangu anakwenda kumuuliza mama yake jina lake limetoka wapi, si jambo jepesi.

Mama huyo wote wanamwita Koko, yaani bibi. Tulimkuta amekaa karibu na dirisha amejifunga kitenge kizuri mno, cha zamani, cha rangi isiyopauka, nikakigusa kabla ya kumsalimia. Aibu ya kazi. Akacheka. "Weye unajua bitenge."

"Ndiyo kazi yangu, Koko. Nauza Kigoma."

"Kigoma!" Akaniangalia vizuri. "Kigoma ya wapi?"

"Duka liko Mwanga. Lakini babu yangu alikuwa Kibirizi. Alikuwa na tanuri la mikate."

Koko aliinuka. Mzee yule, anayesaidiwa hata kwenda kuoga, aliinuka peke yake, akanishika mashavu kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi nikaanza kulia nisijue nalilia nini, nikiwaza tu kwamba sasa imekwisha, sasa anasema ni damu.

Akakaa, akatusimulia. Nitawapa maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Ile wakati ya vita tulikimbia, tukavuka ziwa kwa mutumbwi, mi niko na mimba ya miezi saba. Tukafika Kibirizi, mvua inanyesha, na maumivu yakanishika. Milango ilifungwa. Batu baliogopa, banasema tunaleta magonjwa. Muzee mumoja akafungua. Alikuwa na furu ya mikate, nyumba yake inapata moto muzuri. Bibi yake akanizalisha pale pale. Mutoto alikuwa mudogo, baridi, halii. Ule muzee akamuweka mu kikapo ya mikate, karibu na furu, si karibu sana. Akakaa pale kulinda moto. Kuni kidogo, anangojea, kuni kidogo, anangojea. Hakuoka mukate ata mumoja, mupaka mutoto akalia. Nikauliza bibi yake, bwana yako anaitwa nani? Akasema Fournier. Nikasema basi na huyu ni Fournier."

Papa Fournier alikuwa ameinama ameshika kichwa. Kumbe miaka yote hakuambiwa kwa sababu mama yake hakutaka ajue kwamba alikaribia kufa. Alikuwa anaogopa kulisema, asije akalikaribisha.

Nikauliza lililobaki. "Koko, na marehemu bwana yako? Alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa Kalemie. Baraka tulikuja kiisha, vita ilipotulia. Ule alikuwa na mimi mu mutumbwi, mama, usiwaze mabaya." Akanitazama kwa jicho la pembeni. Koko si mtu wa kudanganywa, aliusoma uchafu wa mawazo yangu wote. Nikatamani sakafu ipasuke.

Basi damu haikuwapo. Nikapumua. Nikapumua kama mara mbili tu, ndipo likanijia lingine. Kwetu mtu akipewa jina la babu yako, huyo ni babu yako. Unamwamkia hivyo, unampa heshima hiyo. Kwa hiyo Papa Fournier, rika langu, ni babu yangu mimi na Anselm! Na binti yake Nadine ni shangazi yetu. Deo anataka kuoa shangazi ya baba yake. Nawajua wazee wa kikao kile. Wangeruka damu wakanasa hapo, wakanywa soda mpaka jioni wanakataa.

Nikamwambia Koko. Papa Fournier akasema, "Kwa hiyo unapaswa kunisalimia shikamoo?" Nikamwambia asinichekeshe, sina nafasi.

Koko hakucheka. "Majina yako ya namna mbili," akasema. "Jina ya kurithi unapatia mutoto ya ukoo, mwenyewe akishakufa, juu asipotee. Jina ya aksanti unapatia mutoto ya batu bengine, mwenyewe yuko hai, anasikia. Na ndugu hashukuriwi. Weye unashukuru ndugu yako? Ndugu akikufungulia mulango, amefanya yake. Kama muzee yule angekuwa ndugu yetu, singeweza kumupa jina ya aksanti. Ile jina njo inaonyesha tulikuwa bageni."

Ni kweli, na pande zote mbili za ziwa tunalijua, ndugu hashukuriwi. Ndiyo maana ukimsaidia mtu akakuambia asante, unamjibu, "Aa, asante ya nini, sisi ndugu."

"Siku ya Mungu," Koko akaendelea, "nitaongea na kaka yako. Nitamupatia aksanti ya babu yake, juu babu yake nilimuacha bila kumuaga vizuri. Akiipokea, tuko batu mbalimbali, batoto baoane. Akiikataa, akisema sisi ndugu, basi tumekuwa ndugu, na mi sitaweza kutoa mutoto. Na usimuambie mbele. Aksanti ya kufundishana si aksanti."

Mungu wangu. Sijui kama mnaelewa alichonifanyia. Kaka Anselm, katika maisha yake yote, hajawahi kupokea asante ya mtu. Ukimshukuru kwa maji ya kunywa anasema sisi ndugu. Alimwambia hivyo fundi bomba. Aliwahi kumwambia hivyo mtu aliyemgonga na baiskeli kisha akashukuru kwa kusamehewa.

Jumamosi alinipigia mwenyewe. "Umepata jibu?" Nikasema kesho bibi wa kule atazungumza. "Vero, nimekuuliza wewe." Nikasema kesho, kaka. Akaniaga kwa ubaridi ambao sijawahi kuusikia kwake. Kisha nikaandika ujumbe: kesho ukishukuriwa, pokea. Nikautazama. Nikamkumbuka yule mama na machozi yake, nikaufuta. Siku hiyo sikula, na Deo, niliyemweleza yote, aliosha vyombo vilivyo safi.

Jumapili baada ya ibada, Erdington. Koko aliletwa na gari, akakalishwa kwenye kiti kikubwa. Nadine alikuwa amesimama nyuma yake ameshika kitambaa cha mezani kama anataka kukikamua. Deo akapiga simu ya picha, akaiegemeza kwenye mtungi wa maua. Akaonekana kaka yangu kwenye sebule yake Kigoma, koti la kanisani bado mwilini, na wazee wawili wa ukoo kila upande.

Salamu zikachukua muda wake. Kisha Koko akaomba ainuliwe. Akasimama, Papa Fournier amemshika kiwiko, akasimulia tena, mutumbwi, mvua, milango, kikapu, kuni kidogo kuni kidogo. Kule Kigoma hakuna aliyejikuna. Mwisho akakunja mikono kifuani akasema: "Huyu hapa njo ule mutoto. Babu yenu sikumushukuru kama inavyofaa. Leo ninawashukuru nyinyi. Aksanti."

Na kaka yangu, kwa upole wake wote, akainua mkono akatabasamu. "Aa, mama," akasema, "asante ya nini, sisi..."

Deo alifumba macho. Mimi nilikuwa nimeuma mtandio wangu.

Hakumaliza. Mkono ulibaki juu. Nilimwona akimtazama yule mama aliyesimama kwa shida, anangoja. Mzee mmoja pembeni akataka kumsaidia sentensi, kaka akamzuia.

"Mama," akauliza, "usiku ule babu alikuuliza ukoo wako kabla ya kukufungulia?"

"Hapana," akasema Koko. "Aliniuliza tu kama mutoto anapumua."

Kaka Anselm akashusha mkono. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Kisha naye akasimama, na wale wazee wakasimama kwa sababu amesimama.

"Asante yako imefika, mama," akasema. "Nimeipokea."

Nadine aliuliza kwa Kiingereza, "What does that mean? Is that good?" na hakuna aliyemjibu, maana Deo alikuwa analia kama alivyolia siku ya kwanza ya shule, na mimi nilikuwa nimepiga kigelegele ambacho kilimfanya jirani wa Kiingereza agonge ukuta.

Alhamisi nilifika Kigoma nikiwa na miguu imevimba na begi limejaa zawadi za watu. Kaka Anselm alikuja kunipokea. Kwenye gari nikamuuliza kama alijua kilichokuwa kinaning'inia. Akasema hakujua. Neno lilikuwa limeshamfika ulimini, ila alipomwona bibi yule hakai, akatambua kwamba asiyetaka kukaa hajaja kusalimia, amekuja kukabidhi kitu.

Nilichojifunza ni hiki. Tunapenda kuwaambia watu sisi ndugu, na tunadhani ndiyo wema mkubwa kuliko wote. Babu alimfanyia mtu wema mkubwa kuliko huo bila kumwita ndugu hata mara moja. Alimfungulia mgeni. Mimi nilisafiri nikiwa na hofu ya kugundua kwamba hawa watu ni wetu, na sijui ni lini tulifika mahali pa kuogopa kitu kama hicho. Ndoa itafungwa baada ya Pasaka. Siku hizi mteja akiniambia asante, naipokea kwanza. Undugu, kama upo, tutautafuta baadaye.